Mtumbwi mwembamba au mpana?

Swali: Ninavua katika mto Lulua, hapa Sandoa. Mtumbwi wangu mfupi na mpana unanichosha kuupiga kasia. Wa jirani, mrefu na mwembamba, unateleza tu. Nikichongesha mpya, nichague umbo gani?

Jibu: Ndugu, maji yanakuzuia kwa njia mbili. Kwanza ni msuguano: kadiri sehemu inayogusa maji ilivyo kubwa, ndivyo kasia linavyokuwa zito. Tumbo la mviringo hugusa maji kidogo kuliko la bapa lenye mzigo uleule. Pili ni mawimbi yanayozushwa na mtumbwi wenyewe. Hapo urefu husaidia: mtumbwi wa mita 4 huanza kukwama kwenye kilomita 9 hivi kwa saa, wa mita 9, kwenye 13 hivi.

Ila usiufinye mno. Ukipunguza upana kwa nusu, uimara wake dhidi ya kupinduka hushuka sana, nawe unarusha wavu umesimama. Ngalawa za pwani huwekewa mbao za kuelea ubavuni; mtoni zingenasa kwenye majani.

Basi ongeza urefu, punguza upana kidogo tu, na mwambie fundi achonge tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyochongoka, kwani tezi butu huburuta maji nyuma. Mzigo uweke katikati.