Mlima, Shamba na Ziwa ni Nyumba Moja



Chungu kilichotelekwa jikoni husimama juu ya mafiga matatu. Ondoeni figa moja, chungu kitapinduka, hata kama mawili yaliyosalia ni imara. Kilimo nacho kina mafiga yake: udongo, maji, miti, mifugo, mbegu, na watu wenyewe. Somo la leo lafundisha neno moja: mtu asitengeneze kitu kimoja cha shamba lake pasipo kuuliza kimefungamana na vitu gani vingine.

1. Itazameni nchi yenu

Nchi ya Fizi imeinama kama paa la nyumba. Magharibi ni milima ya Itombwe. Mashariki ni Ziwa Tanganyika. Chini ya milima, kando ya maji, ndipo ulipo mji wa Baraka na vijiji vingi. Mito, kama Mutambala, hushuka milimani, hupita mashambani, na kuingia ziwani. Kwa hiyo lifanyikalo juu hufika chini.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 mvua kubwa ilinyesha, na mto Kasaba, katika sekta ya Ngandja, ukafurika. Maji yalishuka pamoja na mawe makubwa, miti na matope, yakabomoa nyumba zilizokuwa kando ya ziwa. Watu wengi walikufa, hasa watoto na wazee. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mteremko uliovikwa miti na majani huyapunguzia maji mbio, na mteremko ulio uchi huyaongezea.

2. Duara la hasara

Tuseme mtu ana shamba la mihogo mlimani, na mavuno yamepungua. Afyeka msitu, auchoma, apanda. Mwanzoni apata mavuno mema, kwa kuwa jivu na majani yaliyooza yameulisha udongo. Baada ya miaka michache mvua imeuchukua udongo wa juu, na mihogo yatoa mizizi myembamba. Afanyeje? Afyeka tena, juu zaidi.

Sasa angalieni yanayofuata. Mkewe aenda mbali zaidi kutafuta kuni. Udongo uliochukuliwa waingia mtoni, na walio chini wachota maji ya matope. Wafika ziwani, wafunika mawe ambapo samaki wa ufukoni hutaga mayai. Mvuvi akikosa samaki ashika jembe, naye apanda mlimani kufyeka. Hivyo umaskini wafyeka msitu, na kufyeka msitu kwaleta umaskini. Basi, tusiishie kuuliza, «Mkosaji ni nani?» Tuulize, «Duara hili likatwe wapi?»

3. Mahali pa kulikata

Lianzeni kwenye maji. Matuta yakate mteremko kwa upana, yasishuke nao. Kwenye kingo pandeni majani ya tembo: mizizi yake hushika udongo, na majani yake hulisha mbuzi. Mbuzi wakifungwa zizini, samadi yao hurudi shambani, na shamba lililolishwa huzaa bila kuhitaji msitu mpya. Miti iliyopandwa mipakani hutoa kuni karibu na nyumba. Karanga na maharage yakipandwa kwa zamu na mahindi, mizizi yake huongeza nguvu ya udongo. Mwaona, kazi moja yasaidia nyingine. Duara lile lile lililoleta hasara lageuka kuleta faida.

4. Jirani naye ni figa

Mihogo ina ugonjwa uitwao batobato: majani hupata mabaka ya manjano na kujikunja. Huletwa na vijiti vya kupandia vilivyotoka katika shina gonjwa, na huenezwa na inzi weupe wadogo sana. Mtu aking'oa mashina yake magonjwa, na jirani akayaacha yake, inzi watavuka mpaka, na kazi ya yule wa kwanza itapotea. Tena, mifugo ikiingia shambani huleta ugomvi kati ya mlimaji na mfugaji. Afadhali watu wakae pamoja kabla ya mvua, wapatane juu ya njia za mifugo na mbegu safi, kuliko kukutana barazani baada ya hasara.

Maswali na majibu

Kwa nini mvuvi wa Baraka ahesabu miti ya mlimani kuwa mali yake pia?
Kwa kuwa miti hushika udongo, na udongo ukishuka ziwani huharibu makao ya samaki.

Je, yatosha mtu mmoja kulima vizuri?
La, haitoshi. Maji, inzi na mifugo havijui mpaka wa shamba.

Tufanye nini kwanza shamba linapopungua mavuno?
Tuchunguze sababu, na sababu ya sababu hiyo, kabla ya kushika panga la kufyeka.

Kazi ya juma hili

Mvua ikinyesha, fuateni maji kutoka shambani kwenu, mkikaa mbali na mto uliojaa. Angalieni yanapita wapi, yachukua nini, na yaingia kwa nani. Kisha mwiteni jirani wa juu na jirani wa chini, mkapatane mahali pa kuchimba tuta la kwanza.