Cherehani Kuukuu: Kutafuta Vipuri na Maelezo Mtandaoni

Vibarazani mwa maduka na katika nyumba nyingi nchini bado zinafanya kazi cherehani zilizoundwa kabla ya kuzaliwa kwa wanaozitumia. Nyingi ni Singer nyeusi za kukanyaga kwa mguu au kuzungusha kwa mkono. Nyingine ni Butterfly za Shanghai, zilizofuata umbo lile lile. Mwili wake ni wa chuma kizito na hauishi kwa urahisi. Kinachoisha ni vitu vidogo: springi ya mkazo wa uzi, kikopo cha bobini, mkanda, skrubu moja. Kipuri hicho kikikosekana dukani, fundi aliyekwisha kupokea malipo ya awali ya sare za shule hujikuta ana vitambaa mezani na wateja mlangoni. Ndipo simu inapotolewa mfukoni, na ndipo haraka inapomfanya mtu anunue kitu kisichomfaa.

Somo hili linahusu ununuzi huo. Tunaomba msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: kipuri cha cherehani kuukuu hununuliwa kwa namba na kwa kipimo. Jina la kampuni na picha nzuri havitoshi, kwa sababu kampuni moja iliunda aina nyingi ambazo vipuri vyake havibadilishani.

Kabla ya hapo, mtu ajiulize kama kipuri kinahitajika kweli. Uzi ukijikusanya vifundo upande wa chini wa kitambaa, wengi huilaumu bobini, ilhali mara nyingi kosa liko juu: uzi haukupita sawasawa kati ya visahani vya mkazo, au kuna pamba na vumbi vilivyonasa humo. Mishono ikirukwa, sindano huenda imepinda au imefungwa kinyume. Cherehani iliyokaa miaka bila kazi hadi gurudumu likakataa kuzunguka, kwa kawaida imeganda kwa mafuta ya zamani yaliyokauka. Huhitaji matone ya mafuta ya cherehani katika kila tundu, subira ya siku moja au mbili, kisha kuzungushwa polepole bila kulazimishwa. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwani yakikauka hugeuka gundi. Tumeanza na hayo kwa kuwa kipuri cha bei nafuu kuliko vyote ni kile ambacho hakikununuliwa.

Ikithibitika kwamba kipuri kinahitajika, kazi inayofuata ni kuitambua mashine. Katika Singer, tazama upande wa kulia wa kitako, chini ya nguzo inayobeba mkono wa mashine. Hapo pamegongwa namba. Zilizoundwa kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu tupu. Baada ya hapo namba hutanguliwa na herufi moja au mbili, na herufi hizo hutaja kiwanda. F au Y pekee, na zile mbili zinazoanza na E kama EA au EB, ni za kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskochi. G na AA ni za Elizabeth, New Jersey, nchini Marekani. C ni ya Wittenberge, Ujerumani. J pekee ni ya Clydebank, lakini JA ni ya Canada. Kwa hiyo herufi moja ikikosewa kunakiliwa, utafutaji wote huenda kombo. Ikiwa namba imefunikwa na uchafu, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha imulike kwa tochi kutoka ubavuni, maana mwanga wa ubavuni huonyesha maandishi yaliyofifia.

Namba hiyo hutafutwa katika majedwali, nayo majedwali huleta aina ya mashine, kama vile 15, 27, 66, 99, 128, 201 au 306. Herufi K baada ya aina, kama katika 15K, ni ya Kilbowie. Mwaka unaoonekana kwenye jedwali ni ule ambao fungu la namba lilitolewa kwa kiwanda, wala si siku ambayo mashine yako ilikamilika. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wauzaji wanaopandisha bei kwa kutaja umri. Singer iliunda mashine kwa mamilioni. Umri peke yake hauifanyi kuwa adimu.

Mwenye Butterfly asikate tamaa akikosa jina lake katika majedwali hayo. Mashine zenye alama JA2-1 zimefuata umbo la Singer 15, kama zilivyofanya mashine nyingi za Japani zilizoundwa baada ya Vita Kuu ya Pili na kuuzwa kwa majina chungu nzima. Vipuri vingi vya aina ya 15 huziingia.

Kisha kuna namba ya kipuri chenyewe, na hii ndiyo yenye thamani kuliko zote. Singer iligonga juu ya vipuri vyake vingi neno SIMANCO, kifupisho cha jina la kampuni, pamoja na tarakimu kadhaa. Sugua kipuri kilichovunjika kwa mswaki wenye mafuta ya taa, kipanguse, ukisome. Ukiandika SIMANCO na tarakimu hizo katika kisanduku cha kutafutia, utapata mara nyingi kipuri chenyewe, orodha ya mashine zinazokitumia, na picha ya kulinganishia. Maelezo mengi yako kwa Kiingereza, lakini namba husomeka vile vile kwa lugha yoyote, jambo linalomsaidia hata fundi asiyeijua lugha hiyo.

Kwa maelezo, msomaji asilipe. Majedwali ya namba yamewekwa wazi na ISMACS, jumuiya ya kimataifa ya wakusanyaji wa cherehani. Vitabu vya maelekezo vya zamani vimepigwa picha na kuwekwa bure na maktaba za Smithsonian za Marekani na Internet Archive, na kampuni ya Singer yenyewe hutoa vitabu vya aina nyingi katika tovuti yake. Kitabu cha maelekezo huonyesha njia ya uzi, matundu ya mafuta na jinsi ya kufunga sindano; orodha ya vipuri, ambayo ni kitabu tofauti, huonyesha namba. Tafuteni vyote viwili. Anayeuza nakala ya kitabu kama hicho hajavunja sheria kwa lazima, ila anauza maji kando ya mto.

Sasa tufike penye makosa mengi zaidi, yaani bobini na kikopo chake. Bobini ya aina ya 15 ni bapa pande zote mbili, ina kipenyo cha takriban milimita 20, nayo hukaa ndani ya kikopo kinachochomekwa upande wa kushoto wa mashine. Bobini ya aina ya 66, inayotumika pia katika 99 na 201, ina kipenyo kinachokaribia hicho hicho, lakini nyuso zake zimetuna kidogo na hulazwa chini ya bamba. Kwenye picha ya simu hufanana kama mapacha. Aina za 27, 28, 127 na 128 hazitumii hata moja kati ya hizo: bobini yake ni kijiti kirefu chenye vichwa viwili, kikaacho ndani ya kifuko cha chuma chenye umbo la mtumbwi. Hata ndani ya aina ya 15 kuna mtego. Kikopo kina kidole kinachochomoza, na kidole hicho huweza kuelekea saa tano au saa saba kama mshale wa saa, kutegemea mashine. Kisichoelekea pake hakikai, na kikilazimishwa sindano huvunjika. Kwa hiyo usiagize kwa maneno “kikopo cha Singer”. Piga picha kikopo cha zamani kwa mbele, kando ya rula, mtumie muuzaji, naye akutumie ya kwake iliyopigwa vivyo hivyo.

Sindano zina habari njema zaidi. Majina 15x1, HAx1 na 130/705H ni ya sindano ile ile ya cherehani za nyumbani, yenye ubavu mmoja bapa kichwani. Tarakimu kama 90/14 ni unene: 90 ni sehemu za mia za milimita. Aina ya 306 imetengana na kundi hili, kwani iliundwa kwa sindano 206x13 iliyo fupi kidogo. DBx1 ina kichwa cha mviringo na ni ya mashine za viwandani. Huuzwa kwa wingi na kwa bei rahisi, hivyo wengi huinunua wakidhani ni ile ile.

Kuhusu skrubu, Singer ilitumia hesi za kipimo chake yenyewe, kwa inchi. Skrubu ya milimita kutoka duka la vifaa vya ujenzi huingia mizunguko miwili, hukaza, kisha huharibu tundu lisilorekebishika. Bora kutafuta cherehani mbovu ya kuchinja hapa hapa nchini kuliko kuagiza skrubu moja ng’ambo. Mkanda wa kukanyagia hauna matata: ni wa ngozi, mviringo, unene wa karibu milimita 5, nao hukatwa kwa urefu na kuungwa kwa pini ya chuma. Wenye mashine za mota iliyotoka Marekani wakumbuke kwamba mota ya volti 110 haichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wetu.

Muuzaji apimwe kwa majibu yake. Anayeandika kwamba kipuri “kinaingia Singer zote” ama hajui ama hajali. Anayedai kuuza kipuri kipya cha Clydebank aulizwe kimetoka wapi: kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, hivyo kipuri chake ni cha akiba ya zamani au kimetolewa katika mashine nyingine. Vipuri vingi vipya vya leo ni vya viwanda vingine, nasi hatuoni ubaya wake mradi muuzaji aseme hivyo na bei iendane. Omba picha iliyopigwa siku hiyo, na kipuri kikiwa juu ya karatasi yenye jina lako. Uliza bei kamili pamoja na usafirishaji, kodi ya forodha ikiwa kinatoka nje, na nani atalipia kukirudisha kisipofaa. Pesa iliyotumwa kwa simu kwenda namba ya mtu binafsi ni vigumu kuirejesha. Kwa muuzaji usiyemjua, lipa unapopokea, au kupitia soko la mtandaoni linaloshikilia fedha hadi mzigo ufike.

Kuna hadaa nyingine inayowalenga wenye cherehani kuukuu. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia ulienea uvumi kwamba Singer za zamani zina “zebaki nyekundu” ya thamani kubwa, na kwamba simu ikikatika ikisogezwa karibu na sindano, basi imo. Watu walilipa maelfu ya riyali kwa mashine za kawaida. Zebaki hiyo haimo katika Singer yoyote. Akikujia mtu mwenye hadithi ya namna hiyo, akitaka ada ya “kipimo” au ya “udalali” kabla ya kununua mashine yako, usimpe chochote.

Ukiletewa kipuri tofauti na kilichoelezwa, usikifunge wala kukichonga ili kiingie, kwani hapo muuzaji atadai umekiharibu. Kipige picha pamoja na bahasha yake, na mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kuwapotosha walaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ukienda, chukua picha ya tangazo kama lilivyokuwa, mazungumzo yenu yote, ujumbe wa malipo, na kipuri cha zamani pamoja na hicho kipya. Tangazo lipigwe picha kabla ya kulipa. Baada ya mgogoro kuanza, mara nyingi huwa limekwisha kufutwa.