Kuliona Wingu la Radi Kabla Halijafika



Huko tulikotoka tulisoma mvua kwa macho. Upepo ukigeuka na wingu jeusi likisimama juu ya mlima au ziwa, tulianua nguo na kuwaita watoto. Hapa Marekani ujuzi huo bado unafaa, lakini majengo huziba upeo wa macho, na usiku huoni kitu. Picha za setilaiti kwenye simu zinaweza kukusaidia.

Zinatoka wapi?
Setilaiti za GOES ziko kilomita zipatazo 35,800 juu ya ikweta. Huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo kila moja huangalia eneo lile lile wakati wote. Ile ya mashariki hupiga picha ya sehemu kubwa ya Marekani kila baada ya dakika 5. Kuzitazama ni bure: tafuta kwenye intaneti maneno GOES NOAA.

Unazisomaje?
Mchana, tumia picha ya kawaida. Mawingu madogo yaliyotawanyika kama pamba hayana neno. Moja likianza kuvimba haraka, ujue hewa ya joto yenye unyevu inapanda kwa nguvu. Likifika juu sana, kichwa chake hutandaa na kuwa bapa kama fuawe la mhunzi. Hilo ni wingu la radi.

Usiku, tumia picha ya infraredi, ambayo hupima joto la mawingu. Kadiri kilele cha wingu kilivyo juu, ndivyo kilivyo baridi. Wingu kubwa la radi linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri. Angalia ufunguo wa rangi uone rangi ipi ni ya baridi kali, kisha tazama picha za saa moja iliyopita zikifuatana. Je, doa hilo linakua? Linaelekea kwenu?

Usichosahau
Setilaiti huona mgongo wa wingu tu. Haikuonyeshi kinachotokea mtaani kwako. Kwa hiyo picha haichukui nafasi ya onyo la Idara ya Hali ya Hewa. Simu ikiandika WATCH, hatari inawezekana: jiandaeni. Ikiandika WARNING, hatari imefika au i karibu: chukueni hatua mara moja. Kama ni onyo la tornado, shukeni ghorofa ya chini kabisa, kwenye chumba kisicho na madirisha. Kama ni radi, ingieni ndani ya nyumba wala msijikinge chini ya mti. Msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Zoezi la nyumbani
Watoto wetu husoma Kiingereza upesi kuliko sisi, lakini onyo laweza kuja wakiwa shuleni. Jioni hii kaeni pamoja, mfungue picha moja, mjifunze maneno hayo mawili, na mchague chumba chenu cha kujikinga. Bibi na babu wakijue pia.