Jembe, Plau na Roboti

Katika jumuiya zetu za Kisesa wazazi wanauliza: je, roboti na kompyuta zitawanyang'anya watoto wetu kazi? Hofu hii tusiipuuze.

Tuanze na tunachokiona hapa Bujora. Ngoma ya bugobogobo, inayochezwa kwa majembe, ilitokana na kulima kwa pamoja. Ngoma ikipigwa, majembe yalishuka kwa mpigo mmoja. Plau za kukokotwa na ng'ombe zilipoenea Usukumani, zilipunguza jasho na kupanua mashamba ya pamba. Lakini aliyefaidika zaidi ni mwenye ng'ombe. Asiye nao alibaki na jembe lake.

Mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa kwa majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilometa 60 hivi kwa dakika 40. Hata hivyo, dawa ikishafika, anayeipokea na kumhudumia mgonjwa ni muuguzi.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens (1981), alifundisha kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu. Basi kila mashine ipimwe kwa kipimo hicho, kabla fedha za wafadhili hazijatumika.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Mashine tunayoiomba itampunguzia nani mzigo, na nani atakosa kibarua?
2. Ikiharibika, ni kijana gani wa hapa amefundishwa kuitengeneza?
3. Faida yake itamfikiaje mjane asiye na ng'ombe?