Ufugaji wa Ng'ombe wa Nyama: Kaunti ya Cherry, Nebraska

Ukiulizwa kwa nini wakazi wa kaunti hii ya Marekani hufuga zaidi kuliko kulima, usikimbilie kuandika "ukame". Watahiniwa wengi hupotezea alama hapo. Chini ya ardhi maji ni tele. Tatizo ni udongo: sehemu kubwa ni vilima vya mchanga vilivyoshikwa na mizizi ya nyasi. Ukizilima nyasi hizo, upepo huupeperusha mchanga. Sheria ya Kinkaid ya 1904 iliwapa walowezi ekari 640 badala ya 160. Hata hivyo wengi walishindwa kilimo, wakawauzia wenye ranchi.

Zoezi: Eleza kwa nini nyasi hukatwa majira ya joto na kukaushwa. (alama 2)