SOMO LA AFYA: Udhaifu wa Tezi ya Koo na Matumizi ya Dawa Yake
Mafunzo kutoka Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoani Kagera

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wote, ili kueleza maradhi yanayotokana na udhaifu wa tezi ya koo, dawa inayoyatibu, na namna dawa hiyo inavyopaswa kutumiwa. Mifano mingi imechukuliwa katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, lakini mwenye kusoma hadi mwisho ataona kwamba jambo hili linawahusu wakaazi wa visiwani vilevile.

KAZI YA TEZI YA KOO

Tezi ya koo, ambayo waganga huiita thairoidi, ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake hufanana na kipepeo aliyekunjua mbawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo huamua kasi ya kazi zote za mwili: mapigo ya moyo, joto la mwili, usagaji wa chakula, ukuaji wa mtoto na maendeleo ya ubongo.

Tezi hii haijitawali. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ndogo inayoipelekea amri. Mfano wake ni mkuu wa ofisi na karani wake. Karani akizembea, mkuu huandika barua ya kumkumbusha. Akizidi kuzembea, barua huongezeka. Barua hizo ndizo zinazopimwa hospitali katika damu kwa kipimo kijulikanacho kama TSH. Kipimo hicho kikiwa juu, mara nyingi maana yake ni kwamba tezi ya koo imechoka na inasukumwa bila ya kutoa kazi inayotakiwa.

Ili kutengeneza thairoksini, tezi huhitaji iodini, ambayo nchini Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito mikrogramu 250. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini kikikosekana tezi huvimba kwa kujitahidi kuyanasa madini machache yaliyopo. Uvimbe huo ndio rovu.

HALI YA NYANDA ZA JUU

Wilaya ya Ngara ni nchi ya vilima, inayopakana na Rwanda na Burundi, mahali ambapo mto Ruvubu hukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Katika nchi za namna hii mvua ya karne nyingi huosha udongo na kuteremsha iodini mabondeni, mitoni na hatimaye baharini. Udongo ukikosa iodini, ndizi, maharage na viazi vinavyoota humo huikosa, na anayevila huikosa pia.

Jambo la pili ni muhogo. Muhogo mchungu usiorowekwa na kukaushwa vizuri huacha mwilini sumu inayoizuia tezi kupokea iodini. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Watafiti waliofanya kazi huko katika miaka ya 1960 na 1970 waliona kwamba iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilikuwa jingi upande wa kaskazini na chache upande wa kusini-magharibi. Tofauti hiyo ilihusishwa na wingi wa muhogo uliokuwa ukiliwa. Kwa hiyo haifai kuwakataza wananchi chakula chao. Kinachofaa ni kuuroweka muhogo siku kadhaa, kuukausha barabara, na kuhakikisha kuwa chumvi ya nyumbani ina madini joto.

Kwa vizazi vingi wakaazi wa magharibi ya Tanzania wamepata chumvi kutoka chemchemi za Uvinza, Mkoani Kigoma, na wale wa Kagera wamepata pia chumvi ya Ziwa Katwe, nchini Uganda. Chumvi kwa asili yake haina iodini ya kutosha mpaka iongezwe kiwandani. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba Watanzania wapatao robo walikuwa na rovu. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulionesha kwamba rovu kwa watoto wa shule lilikuwa limeshuka hadi kiasi cha asilimia 7.

DALILI ZINAZODANGANYA

Pamoja na mafanikio hayo, udhaifu wa tezi haujakwisha, kwa sababu upungufu wa iodini si chanzo pekee. Wapo ambao kinga ya miili yao huishambulia tezi yao wenyewe, maradhi yaliyoelezwa kwanza na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Wapo waliopasuliwa rovu na kubakiwa na kipande kidogo cha tezi kisichotosheleza. Wapo pia wanaotumia dawa zinazoidhoofisha tezi, zikiwemo baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu na dawa ya lithiamu inayotolewa kwa maradhi ya akili.

Mfano wa mama mkulima wa Ngara utasaidia kueleza. Mama huyo huanza kuchoka bila ya sababu. Huvaa sweta wakati wenziwe wanatokwa na jasho shambani. Ngozi hukauka, nywele hukatika, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, uso huvimba asubuhi na hedhi huwa nzito. Husahau alichotumwa. Kwa kuwa mambo haya huja polepole kwa miezi au miaka, hapana siku moja anayoweza kusema kwamba ndiyo aliyougua. Hutibiwa malaria, kisha upungufu wa damu, kisha huambiwa amerogwa. Jirani humwita mvivu, na mume huanza kunung'unika.

Katika ofisi za Serikali mambo ni hayo hayo. Mtumishi aliyekuwa hodari huanza kuchelewa, kusinzia mezani na kuacha majalada yakirundikana. Inafaa wakuu wa idara wajue kwamba mtumishi aliyebadilika namna hiyo bila ya sababu ya wazi anastahili kupelekwa kwa daktari kabla ya kuandikiwa barua ya onyo. Uvivu hauonekani katika damu, lakini udhaifu wa tezi huonekana.

Ieleweke pia kwamba rovu na udhaifu wa tezi si kitu kimoja. Mwenye rovu anaweza kuwa na homoni ya kutosha, pungufu, au iliyozidi. Asiye na rovu naye anaweza kuwa mgonjwa. Ndiyo maana kipimo cha damu hakina badala.

DAWA NA ASILI YAKE

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama huyo, aliyekuwa amevimba na kuzubaa kwa miaka, alipata nafuu kubwa na akaishi miaka 28 zaidi kwa kuendelea na tiba hiyo. Mwaka 1914 mtaalamu wa Marekani Edward Kendall aliitenga thairoksini yenyewe, na mwaka 1927 Charles Harington na mwenzake walifanikiwa kuitengeneza maabarani.

Dawa itumikayo leo huitwa levothairoksini. Si dawa ya kuua vijidudu wala ya kutuliza maumivu. Ni homoni ile ile ambayo tezi ilipaswa kuitoa, na kwa hiyo humrudishia mgonjwa kile alichopungukiwa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa walio wengi ni dawa ya maisha.

Kipimo chake huandikwa kwa mikrogramu, nayo ni sehemu moja ya elfu ya miligramu. Mtu mzima aliyepoteza kazi yote ya tezi huhitaji kiasi cha mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee au mwenye maradhi ya moyo huanzishwa kwa kiasi kidogo, kama mikrogramu 12.5 au 25, kisha huongezwa taratibu, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole ukisukumwa ghafla unaweza kudhurika.

NAMNA YA KUITUMIA

Kidonge humezwa mara moja kwa siku, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Utaratibu mwepesi ni kumeza saa 12 asubuhi na kunywa chai au kahawa saa 1. Kahawa ni zao na kinywaji cha heshima Kagera, lakini ikinywewa pamoja na kidonge hupunguza dawa inayoingia mwilini. Asiyeweza kumeza asubuhi ameze wakati wa kulala, saa 3 baada ya chakula. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa anaweza kumeza wakati huo wa kulala, au nusu saa angalau kabla ya daku.

Vidonge vya madini ya chuma, vya chokaa ya mifupa, na dawa za kiungulia vitenganishwe na dawa hii kwa muda wa saa 4. Jambo hili lina uzito kwa mama wajawazito, ambao kliniki huwapa vidonge vya kuongeza damu. Mama anayemeza vyote kwa pamoja asubuhi huona ametimiza wajibu wake, kumbe kimoja kimezuia kingine. Ameze cha tezi alfajiri, na cha kuongeza damu mchana au usiku.

Anayeanza dawa ya kifua kikuu au ya kifafa amwarifu daktari, kwani baadhi ya dawa hizo huimaliza thairoksini upesi mwilini na kipimo huhitaji kuongezwa. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, kwa sababu mwili huchukua muda huo kutulia.

Dawa ihifadhiwe katika chombo chake, mbali na jua, joto na unyevunyevu. Isitumiwe na mtu mzima wa afya kwa ajili ya kupunguza unene. Ikizidi husababisha moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi na mifupa kudhoofika.

HATARI YA KUACHA DAWA

Thairoksini hutoka mwilini polepole. Nusu yake huondoka kwa muda wa siku 7 hivi. Kwa hiyo aliyesahau siku moja hapati dhara. Lakini hapo ndipo penye mtego. Mgonjwa huacha dawa, hukaa wiki moja au mbili akiwa mzima, akaamini kwamba amepona. Baada ya wiki kadhaa uchovu hurejea, naye hudhani ni maradhi mapya.

Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu. Msiba wa namna hiyo hufundisha kwamba mgonjwa wa maradhi ya kudumu asiyeweka karatasi yake ya dawa huwa kama asiye na historia. Kila mgonjwa na aandike jina la dawa, kipimo chake na tarehe ya kupimwa damu, na akisafiri au kuhamishwa kikazi achukue akiba ya kutosha, kwani zahanati si zote zenye dawa hii.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO MCHANGA

Hapa ndipo penye hasara isiyorudishika. Katika miezi ya mwanzo mtoto tumboni hutegemea thairoksini ya mama kwa kujenga ubongo wake. Mama anayetumia dawa akishika mimba asiiache. Aende kliniki mara moja, kwani mahitaji yake huongezeka, mara nyingi kwa kiasi cha robo hadi nusu.

Mtoto akizaliwa na tezi iliyodhoofika huonekana mzima siku za mwanzo. Dalili za kutazamwa ni macho kuwa manjano muda mrefu, kulala mno, kunyonya kwa uvivu, choo kigumu, ulimi mkubwa na kitovu kilichojitokeza. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za mwanzo anaweza kukua na kusoma kama wenziwe. Akicheleweshwa miezi, mwili utakua kidogo kwa dawa, lakini akili iliyopotea haitarudi. Kidonge husagwa kikachanganywa na maziwa kidogo ya mama. Bibi anayesema kwamba mtoto huyu ni mpole hasumbui, asikilizwe kwa makini, kisha mtoto apelekwe hospitali.

JAMBO LINALOHUSU VISIWA

Wakaazi wa visiwani wamezoea kuamini kwamba rovu ni maradhi ya watu wa milimani, na kwamba mla samaki hawezi kupungukiwa na iodini. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionesha kinyume. Watoto wa shule wapatao mmoja katika watano kisiwani Unguja, na mmoja katika watatu kisiwani Pemba, walikuwa na dalili za rovu. Chumvi iliyovunwa pwani na kuuzwa bila ya kutiwa madini joto ilikuwa ikitumika takriban katika kila nyumba ya Pemba. Chumvi ya bahari haitoshelezi kwa kuwa ni ya bahari, kama vile ya Uvinza haikutosheleza kwa kuwa ni ya chemchemi.

MUHTASARI

1. Nunua chumvi yenye alama ya madini joto, ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, na uitie chakula kinapokaribia kuiva.
2. Uchovu wa muda mrefu pamoja na kuhisi baridi na choo kigumu upimwe kwa damu.
3. Dawa imezwe kila siku kwa maji matupu kabla ya chakula, na isiachwe bila ya amri ya daktari.
4. Mjamzito anayetumia dawa hii, na mtoto mchanga mwenye dalili zilizotajwa, wasicheleweshwe hata kwa wiki moja.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi haya hujificha yenyewe bila ya kufichwa na mtu. Kwa hiyo ni wajibu wa jamaa, jirani na mkuu wa kazi kumsaidia mgonjwa ayatambue mapema.