Siku 30 si Mwezi: Jua Tarehe ya Kulipa Mkopo wa Simu na Habari ya CRB

Kila mwisho wa mwezi wateja hutuuliza swali moja kwa njia nyingi: "Nimepitisha siku mbili, sasa nitapelekwa CRB?" Jibu fupi ni hapana, si kwa siku mbili. Jibu refu lina mambo ambayo ukiyajua mapema utaokoa pesa, na pengine hata nafasi ya kazi. Makala haya ni yako hasa ikiwa ndio umepata mkopo wako wa kwanza kwa simu.

Tuanze na tarehe yenyewe. Mikopo mingi ya simu ni ya siku 30, na siku 30 si mwezi. Ukikopa Januari 31, siku yako ya kulipa ni Machi 2, ama Machi 1 kama Februari ina siku 29. Ukikopa Machi 20, siku yako ni Aprili 19. Tuseme mshahara wako huingia tarehe 28. Huo mkopo wa Machi 20 utakudai siku tisa kabla ya mshahara wa Aprili, na ule wa Machi ushaisha kwa kodi ya nyumba na karo. Ungengoja hadi Machi 30, tarehe yako ingekuwa Aprili 29, siku moja baada ya mshahara kuingia. Kiasi ni kile kile na ada ni ile ile, lakini mkopo wa kwanza unakufanya uchelewe na wa pili unalipika bila presha.

Kwa maoni yetu hili halizungumzwi vya kutosha. Watu huangalia wamepewa ngapi, hawaangalii watadaiwa lini. Tunajua dharura haingoji tarehe. Mtoto akiugua usiku hakuna mtu wa kufungua kalenda. Lakini kama ni simu mpya ama mzigo wa duka, hesabu siku kwanza. Na kama huna mshahara, hesabu kwa kile ulicho nacho: zamu yako ya chama, malipo ya maziwa, siku ambayo wateja wako wa mkopo hukulipa.

Fuliza, iliyoanza Januari 2019, iko tofauti kidogo. Hapo deni halisubiri siku ya mwisho. Pesa ikiingia kwa laini yako, deni linakatwa kwanza. Kwa hivyo kama shangazi anakutumia Sh500 za dawa na una deni, mwambie mapema, ama alipe duka la dawa moja kwa moja.

Sasa twende CRB. Watu wengi hudhani CRB ni jela ya wadeni: uko ndani ama uko nje. Sivyo. Kenya ina kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kufanya kazi hii, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zinapokea habari nzuri na mbaya pia. Ukikopa benki na ukalipa kwa wakati, hiyo nayo inaandikwa. Kwa hivyo kuwa na jina CRB si kosa. Cha maana ni kilichoandikwa kando ya jina.

Ndio maana tunasema kuna hesabu mbili za siku, na ni vizuri usizichanganye. Ya kwanza huanza siku moja tu baada ya tarehe yako kupita. Hapo mkopeshaji anaweza kuongeza ada kulingana na masharti uliyokubali, na limiti yako inaweza kushuka. Hesabu ya pili ni ndefu zaidi. Mkopo ukifika siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa haulipiki, na hapo ndipo habari mbaya hupelekwa CRB. Hata hivyo si kimyakimya: mkopeshaji anapaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kutuma. Hiyo meseji usiifute. Ndiyo nafasi yako ya kulipa, kuomba mpango wa kulipa pole pole, ama kusema kwamba deni si lako.

Kanuni za mwaka 2020 ziliongeza kinga nyingine: deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kukufanya uorodheshwe vibaya. Lakini usilichukue kama zawadi. Deni bado ni deni, na mkopeshaji anayekuona ukikwama na Sh800 hatakupa Sh8,000.

Kuna ujanja mmoja tunausikia sana, wa kutupa laini. Mtu anakopa, anashindwa kulipa, ananunua laini mpya na kuanza upya. Haifanyi kazi. Rekodi ya CRB hufuata nambari ya kitambulisho chako, wala si nambari ya simu. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimkopea rafiki kwa laini yako, mkopo ni wako. Yeye akihama mtaa, CRB itaona jina lako wewe.

Na kama anayekudai anapigia mama mkwe wako simu, ama anatuma matusi kwa watu wote walio kwenye simu yako? Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinakataza hayo. Hifadhi meseji na nambari zilizokupigia, kisha angalia kama kampuni hiyo iko kwenye orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni. Deni halimpi mtu ruhusa ya kukuaibisha.

Tuseme tayari umeorodheshwa. Ukilipa, rekodi inapaswa kubadilishwa kuonyesha umemaliza, ila historia ya kuchelewa haifutiki siku hiyo. Inaweza kukaa hadi miaka 5 tangu ulipomaliza kulipa. Hapa wengi hukasirika, na tunawaelewa. Lakini kwa mkopeshaji, "alichelewa, akalipa" ni tofauti kabisa na "bado anadaiwa." Kama ulilipa na bado unaonekana una deni, chukua meseji ya malipo yenye kodi ya muamala, upeleke malalamiko kwa mkopeshaji na kwa kampuni ya CRB. Bila hiyo meseji utazungushwa.

Mwisho ni vijana wanaotafuta kazi. Matangazo mengi ya kazi za serikali na kaunti huomba cheti cha CRB pamoja na vile vya KRA, HELB, EACC na DCI. Usingoje wiki ya kutuma maombi ndio ugundue kuna Sh1,200 ulizosahau tangu chuo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka, na cheti cha kwanza pia ni bure. Omba ripoti kwanza, isome mkopo kwa mkopo, lipa ama pinga kilichoko, halafu ndio uombe cheti.